Mkaa, mafuriko na mabomba: maswali ya tabianchi yanayoulizwa sana Dar

Maswali haya nimeyaokota kwenye vikao vya mtaa, vijiwe vya kahawa na foleni ya Ubungo. Nimeyaacha kama yalivyoulizwa, na ukali wake. Utaona mengi, hata yakianzia mbali, yanaishia palepale: nani analipa?

Hivi Dar imezidi joto kweli, au tumezoea feni tu?

Imezidi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa zama za kabla ya viwanda. Juu ya hapo sisi tumejiongezea letu: miti ya uani imekatwa ili vipatikane vyumba vya kupangisha, ua umemwagwa zege, na bati halina dari. Zege hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku, ndiyo maana saa tano usiku ukuta wa Sinza bado una moto.

Mafuriko ya Jangwani ni tabianchi au ni sisi wenyewe?

Yote mawili, na anayekwambia ni moja tu ana kitu anakuficha.

Tuanze na mvua. Kuna miaka maji ya Bahari ya Hindi upande wetu hupata joto kuliko upande wa Indonesia, na mvua za vuli zikija zinakuja kwa hasira. Ikiongezeka El Niño, kama msimu wa 2023 kuingia 2024, ndiyo basi tena. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamekufa kutokana na mvua za msimu ule. Mwezi uliofuata kikaja kimbunga Hidaya, kikapiga Mafia na pwani ya kusini. Kizazi cha wazee wetu kilijua vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagaska.

Sasa njoo kwenye bonde lenyewe. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unamwaga baharini pale Salenda. Njiani unachukua udongo wa vilima vyenye upara, mchanga, magodoro na chupa za plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini chupa hazikuguswa. Kina cha mto kimejaa, kwa hiyo hata mvua ya kawaida inatafuta njia sebuleni kwa watu.

Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo jiji lilikuwa halijaiona kwa zaidi ya nusu karne. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi waliookolewa bondeni walipelekwa Mabwepande. Baadhi walirudi. Watu huwacheka waliorudi, mimi siwacheki: Mabwepande ni mbali, na mtu anayeuza samaki Feri saa kumi na moja alfajiri hawezi kulala Mabwepande.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: kupanua mto, kujenga daraja jipya la Jangwani, kuhamisha karakana ya mwendokasi iliyokuwa inazama kila masika, na kulipa fidia waliobomolewa. Fedha hiyo kwa sehemu kubwa ni mkopo. Yaani jiji ambalo halikuwasha moto linakopa kununua ndoo. Ukishaelewa hapo, umeelewa nusu ya mikutano ya tabianchi.

Sisi tunachafua kiasi gani hata tuambiwe tupunguze?

Kidogo sana. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, na Tanzania ni kipande chembamba ndani ya hiyo asilimia 4.

Hata hivyo nchi iliridhia Mkataba wa Paris wa tabianchi mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Wengi husoma hapo na kuruka juu: tutafunga viwanda? Hapana. Hesabu haianzii kwenye kiwango cha leo. Inaanzia kwenye kiwango ambacho tungefika mwaka 2030 kama tungeendelea hivihivi bila kubadilisha kitu. Mkeo akikwambia bajeti ya Idi ingefika laki tano lakini ataibana iwe laki tatu na nusu, bado mwaka jana mlitumia laki mbili, yaani matumizi yamepanda hata baada ya kubana. Na ahadi yenyewe inategemea sana msaada wa fedha na teknolojia kutoka nje.

Hizo COP zinatusaidia nini zaidi ya posho?

Swali la haki. COP ni mikutano ya nchi za dunia kuhusu tabianchi. Tangu mkataba mama wa Rio wa mwaka 1992 uanze kazi, nchi hizo zimekutana karibu kila mwaka, na kuna miaka walitoka na picha ya pamoja tu.

Lakini fuata fedha. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za wenyewe, lengo lilifikiwa 2022, miaka miwili baada ya tarehe, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mwaka 2022 Sharm el-Sheikh ukakubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu, yaani fedha za kusaidia kwenye kile ambacho huwezi tena kukihimili. Mfuko huo nchi maskini zilikuwa zimeulilia miaka 30. Mwaka 2023 Dubai, kwa mara ya kwanza, nchi zote zikakubali kwa maandishi kuanza kuachana na mafuta, gesi na makaa ya mawe kwenye nishati. Baku 2024 zikaahidiwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zinataja trilioni 1.3. Belém, Brazil, Novemba 2025, wakakubaliana kuongeza mara tatu fedha za kuhimili athari ifikapo 2035, lakini ratiba ya kuachana na mafuta haikuingia kwenye maandishi.

Marekani nayo, Januari 2025, Rais Trump alisaini amri ya kujitoa Paris kwa mara ya pili. Ni kama kikoba ambacho mwanachama aliyekopa kuliko wote ndiye anayesusa kikao.

Mwaka 2027 mkutano utafanyika Addis Ababa. Kutoka Dar hapo ni saa chache tu angani, kwa hiyo tutarajie wajumbe wengi.

Bwawa la Nyerere limekamilika. Mbona umeme kwangu bado unakatika?

Kwa sababu kuzalisha ni jambo moja na kufikisha ni jingine. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024, wa mwisho ukaingia 2025. Machi 2024 TANESCO ilifikia kuzima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi matumizi, wakati huohuo kuna mitaa ilikuwa gizani. Umeme ule unahitaji njia kubwa za kusafirishia, vituo vya kupoza, na transfoma ya mtaani kwenu isiyobebeshwa nyumba mara mbili ya uwezo wake. Nguzo iliyooza Mbagala haijui kama Rufiji kumejaa.

Tofautisha basi kukatika na mgao. Mgao wa mwishoni mwa 2022 ulitokana na ukame: mabwawa yalishuka, na wakati huohuo Ruvu ilikauka mpaka Dar ikawa na mgao wa maji pia. Nchi iliyoweka mayai mengi kwenye maji ya mvua inapaswa kuwa na wasiwasi na mvua. Ndiyo maana mradi wa sola wa Kishapu, Shinyanga, una maana kuliko ukubwa wake: jua huwa kali wakati mto umelala.

Umeme wa bwawa ni safi?

Hautoi moshi. Lakini lilijengwa ndani ya pori la Selous, urithi wa dunia, miti mingi ikakatwa, na mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 yalizua ubishi mkubwa kama maji yaliyofunguliwa bwawani yalizidisha hali. Serikali ilisema bila bwawa yangekuwa mabaya zaidi. Wakulima waliopoteza mpunga walisema yao. Neno “safi” lina mipaka.

Mkaa wangu una kosa gani? Bibi yangu kaupikia miaka yote na kafika tisini.

Shikamoo yake bibi. Wengine hawakufika, na hatukujua kwa nini, kwa sababu kifua cha mama aliyepulizia kuni maisha yake yote huandikwa “uzee”.

Mwaka 2021 ni asilimia 6.9 tu ya Watanzania waliokuwa wanapika kwa nishati safi. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi unaotaka iwe asilimia 80 ifikapo 2034, na mwezi huohuo Rais Samia akawa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris wa nishati safi ya kupikia, ulioahidiwa dola bilioni 2.2. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Shule, magereza na kambi ndiko kulikoguswa kwanza. Mama lishe wa sahani arobaini hakuguswa.

Sasa hesabu ambayo watu wengi hawaifanyi. Uniti moja ya LUKU kwa mteja wa kawaida ni kama shilingi 356 ukijumlisha kodi na tozo. Kuchemsha maharage kwenye presha kuka ya umeme hakufikishi uniti moja. Linganisha na makopo ya mkaa unayonunua kwa kazi hiyohiyo, tena siku za masika mkaa ukiwa umeloa. Nimefanya hesabu hiyo mbele ya watu wazima na wakanikatalia mpaka tulipowasha sufuria na kusoma mita. Tatizo halisi ni jiko la koili lililo wazi: hilo linakula umeme, na ndilo lililoujengea umeme jina baya jikoni.

Basi kwa nini watu hawahami? Kwa sababu mkaa unauzwa kwa kopo. Mtu anayepata hela kila jioni hununua moto wa jioni. Mtungi wa gesi unataka utoe hela ya mwezi mzima kwa mkupuo, na presha kuka inataka hela ya miezi. Umaskini hauna mkupuo. Ndiyo maana gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu ilipokewa vizuri kuliko mitungi ya kugawiwa kwenye mikutano, ambayo mingi ikishaisha hugeuzwa stuli.

Na ndiyo, gesi ya mtungi ni mafuta ya kisukuku vilevile, kundi moja na petroli na makaa ya mawe. Nikiulizwa kati ya mapafu ya dada na usafi wa nadharia, nachagua mapafu. Ukiweza umeme, bora zaidi.

Nimeona paneli za sola Kariakoo bei ya kutupa. Ninunue?

Mimi nilinunua. Duka silitaji. Iliandikwa wati 300, ikashindwa kuwasha televisheni.

Kuna hesabu ya kukuokoa: paneli nzuri ya leo, kwenye jua kali kabisa, hutoa takriban wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli iliyoandikwa wati 300 inapaswa kuwa na ukubwa wa mita moja na nusu za mraba, karibu mlango mzima. Ukionyeshwa ya ukubwa wa sinia la biriani, rudisha hela mfukoni. Nenda na fundi mwenye mita yake, apime juani. Na usinunue betri ya gari kwa kazi ya sola, haikutengenezwa kuishiwa chaji kila usiku.

Bei ya paneli za kweli imeshuka kwa karibu asilimia 90 tangu 2010, nyingi zikitoka China. Katika nusu ya kwanza ya 2025 umeme wa jua, upepo, maji na vyanzo vingine jadidifu, yaani visivyokwisha, ulizidi ule wa makaa ya mawe duniani kwa mara ya kwanza.

Gari la gesi, bajaji ya umeme, mwendokasi: kipi kinasaidia?

Kinachobeba watu wengi kwa mafuta machache. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na mjini, Dar ikaja kuwa jiji la kwanza la Afrika kupata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, ya mwaka 2018. Ukisimama Kimara saa kumi na mbili asubuhi, huku kiwiko cha mtu kiko shingoni kwako, tuzo hiyo inachekesha. Wazo lilikuwa sahihi, mabasi hayakutosha. Treni ya SGR nayo inatumia umeme, na tangu 2024 imewatoa watu wengi kwenye mabasi ya Morogoro na Dodoma.

Gari la gesi asilia linapunguza moshi kiasi na gharama sana, gesi yenyewe ni ya kwetu, ya Songo Songo na Mtwara. Foleni ya kujaza tu ndiyo inakula usingizi. Bajaji ya umeme inamfaa dereva anayelala na bajaji yake kwenye nyumba yenye umeme wa uhakika. Asiye na hiyo asubiri kwanza.

Bomba la mafuta la Tanga: tunapinga au tunaunga mkono?

Mimi sikupi jibu la kwenda nalo kwenye mdahalo, nakupa vya kupimia. Bomba la Afrika Mashariki lina kilomita 1,443, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 ziko Tanzania. Mafuta yale ni mazito kama nta, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto la nyuzi 50 njia nzima. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, Uganda 15, Tanzania kupitia TPDC, shirika lake la mafuta, 15, na CNOOC ya China 8.

Wapinzani wanataja hewa ukaa, bonde la Ziwa Victoria na fidia za watu waliopisha. Bunge la Ulaya lilitoa azimio la kulikemea Septemba 2022, na kule Kampala vijana wengi wamekamatwa kwa kuandamana. Vanessa Nakate, Mganda aliyeanza kusimama barabarani kutetea tabianchi mwaka 2019, ni miongoni mwa sauti kubwa za wapinzani hao. Wanaounga mkono wanataja ajira, bandari na kodi, na wanauliza kwa nini Ulaya iliyojengwa kwa makaa ya mawe itukataze.

Swali hilo lina nguvu. Langu ni jingine: dunia ikitimiza ilichoandika Dubai, mafuta yale miaka 20 ijayo atanunua nani, na deni la bomba atabaki nalo nani? Mwenye asilimia 62 anaweza kuuza hisa akaondoka. Chongoleani haiwezi kuondoka.

Nikiandamana kwa ajili ya mazingira nitakamatwa?

Sheria inataka polisi wapewe taarifa angalau saa 48 kabla ya maandamano, na wanaweza kuyazuia. Usiwapeleke watoto wa shule barabarani kwa kuiga picha za wanafunzi waliogomea shule kule Stockholm kwa ajili ya tabianchi.

Barabara siyo njia pekee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kwenda mahakamani ikivunjwa. Mradi mkubwa ukija mtaani kwenu lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Vikao hivyo mara nyingi huhudhuriwa na wazee watatu na mwenyekiti. Nendeni.

Mbele zaidi: wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walianza mwaka 2019 na wazo lililochekwa, na 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi, na anayekiuka anaweza kudaiwa fidia. Mei 2025 wanasheria wa Afrika wamewasilisha ombi la maoni kama hayo kwenye Mahakama ya Afrika. Iko Arusha, siyo Geneva.

Nina miembe miwili uani. Naweza kuuza kaboni?

Huwezi. Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, ina kanuni zake tangu 2022 na kituo chake cha taifa kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Inahitaji msitu, wapimaji na miaka. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimepata fedha nyingi kwa njia hiyo, vikajenga zahanati na madarasa. Kwetu Dar kilicho karibu ni mikoko, na wewe miembe yako ule embe.

Mimi ni mpangaji wa chumba kimoja Manzese. Yote haya yananihusu wapi?

Kwenye LUKU. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kwenye daraja la chini, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, badala ya 292. Chumba kimoja chenye taa, feni, simu na presha kuka ya maharage kinaweza kubaki humo. Lakini nyumba za kupanga zina vyumba sita kwenye mita moja. Mkijumlishwa mnavuka 75 wiki ya pili, na mita inawasoma kama tajiri mmoja. Mwenye friji na mwenye balbu wote wanalipa 292, halafu mnagombana kuhusu nani aliwasha pasi.

Kuunganishwa mita mpya mjini, ndani ya mita 30 bila nguzo, ni shilingi 320,960. Wapangaji wawili wenye mikataba ya muda mrefu wanaweza kuongea na mwenye nyumba ili gharama hiyo ikatwe kwenye kodi ya pango. Mwenye nyumba wetu alikataa mara mbili. Ya tatu tulimpelekea karatasi ya hesabu na maandazi, akasema atafikiria baada ya Ramadhani.